Noah inakosa nguvu mlima wa Kolo, Canter inaruka gia mteremkoni: ni gia boksi au ni dereva?

Mkamua_Alizeti aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina magari mawili yenye kesi zinazokaribiana, nayaweka kwenye uzi mmoja.

La kwanza ni Noah AZR60, oto, inabeba watu saba na mizigo yao kati ya Dodoma na Babati. Tambarare ya Chemba haina neno. Ikishapita Kondoa na kuanza kupanda Kolo kuelekea Bereko, mshale wa RPM unafika 4,000 lakini spidi inashuka hadi 40, halafu gari linatetemeka kama linapita kwenye rasta. Likipumzishwa nusu saa linapanda vizuri, mlima unaofuata mambo ni yaleyale. Taa haiwaki kwenye dashibodi. Haidroliki (oili ya gia boksi la oto) imegeuka kahawia na inanukia kuungua. Fundi wa kwanza anasema niagize gia boksi la mtumba Dar. Wa pili anasema nimwage haidroliki niweke mpya, basi.

La pili ni Canter ya gia za mkono, tani tatu na nusu, inashusha alizeti na mahindi kutoka vijiji vya milimani Kondoa. Gia ya tatu inachomoka yenyewe kwenye mteremko, na ikipanda na mzigo klachi inanuka. Klachi pleti ni mpya, haijamaliza msimu.

Mwenye kujua anisaidie. Na dereva anayepita milima ya Kolo, Nyang'oro, Sekenke na Saranda afanye nini ili gia boksi lidumu?

---

Gia_ya_Pili alijibu:

Mkuu, boksi la mtumba lisubiri kwanza. Umetaja jambo linalotosha kuanzia: RPM inapanda huku spidi inashuka. Dereva yeyote wa milimani aujue mshale huo kabla ya kumkabidhi fundi gari, maana magari mengi yanayofika gereji kwa kesi ya "gia hazivuti mlimani" gia zake ni nzima.

Mshale ukipanda bila spidi kupanda, injini inatoa nguvu lakini nguvu inapotea njiani: kwenye toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na boksi), kwenye klachi za ndani ya boksi, au kwenye mkanda kama ni CVT, yaani oto inayotumia mkanda badala ya gia. Mshale ukigoma kupanda, umekanyaga mafuta hadi chini na gari limelala tu, mchawi ni injini. Hapo tafuta koili inayomisi (inayoruka kuwasha), plagi zilizokwisha, pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi, au masega ya eksozi yaliyoziba. Koili ndiyo inayodanganya zaidi. Inaweza kufanya kazi vizuri tambarare ikamisi pale tu inapobanwa na mzigo, na mtikisiko wake unafanana sana na wa boksi. Kwa hiyo hata wewe, ambaye mshale wako unapanda, usiupuuze huo mtetemo: mwambie fundi asome hesabu za kumisi za kila silinda kabla ya kugusa boksi.

Mwinuko nao una sehemu yake. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari kuwa zito kidogo kule juu ni hewa nyembamba, si ubovu.

Pili, ujue una boksi gani. AZR60 zipo za gia nne za kawaida na zipo za CVT. Usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Fungua boneti, tafuta kibati cha namba ya chasisi, soma mstari wa TRANS/AXLE. Ikianza na K, kwa mfano K111, ni CVT. Ikianza na U au A ni oto ya kawaida. Haidroliki zake haziingiliani kabisa: CVT za Toyota za kipindi hicho zinatumia CVT Fluid TC, oto za kawaida zinatumia Type T-IV, na zilizokuja baadaye WS. Anayekwambia "yoyote nyekundu inafaa" muage kwa heshima uondoke. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na haidroliki yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka ya oto ya kawaida, mkanda unateleza na kuchora puli, na hapo ushauri wa boksi la mtumba ndipo unapogeuka kuwa kweli.

Sasa kwa nini ni mlimani tu, na kwa nini likipumzika linapona? Joto. Gari la tani mbili pamoja na watu, mlima wa asilimia 8, spidi 40, linahitaji takriban kilowati 20 kwenye matairi. Toki konveta isipokuwa imejifunga inaweza kufikisha asilimia 80 tu ya nguvu inayopokea. Kilowati 4 hadi 5 zinazobaki zinaingia kwenye haidroliki, sawa na kuwasha majiko mawili ya umeme ndani ya lita saba za oili. Joto la kawaida la haidroliki ni nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Kuanzia 120 inachakaa haraka, inakuwa nyepesi mno, presha inashuka, klachi zinateleza, na kuteleza kunaongeza joto lingine. Ikipoa presha inarudi, nawe unaona gari limepona. Halijapona. Kila mzunguko wa hivyo unakula klachi na kukausha sili.

Taa kutowaka isikufariji. Piga mashine ya kupimia, maana kuna kodi (namba za hitilafu) zinazokaa zikisubiri bila kuwasha taa. Za kuangalia ni P0218, joto la haidroliki limepita kiasi. P0741, klachi ya kufunga toki konveta haishiki. Na P0730, uwiano wa gia haulingani. La maana zaidi, mashine isome joto la haidroliki gari likiwa linapanda Kolo na watu wake. Likiwa limesimama gereji huwezi kujua chochote.

---

Sumaku_ya_Sampo alijibu:

Nakubaliana na Gia ya Pili. Fundi wako wa pili si mjinga, ila amefupisha mno.

Ukifungua bolti ya chini, oili yote haitoki. Kwenye magari madogo mengi zinatoka lita 3 hadi 4 kati ya 6 hadi 8, nyingine inabaki kwenye konveta, mipira na valvu bodi. Ukimwaga mara moja umebadilisha nusu. Kwa hiyo unamwaga, unaweka, gari linatembea kilomita 300 hadi 500, unarudia. Mara ya tatu oili ya zamani inabaki karibu asilimia 12, inatosha. Pima ulichotoa kwa chupa yenye alama, urudishe kiasi kilekile. Usikubali boksi lililosahaulika miaka lioshwe kwa mashine ya kusukuma oili kwa presha. Uchafu uliokuwa umetulia chini unakwenda kuziba solenoidi (valvu za umeme za boksi).

Mara ya kwanza shusha sampo lenyewe, lile trei la oili chini ya boksi. Ndani kuna filta na sumaku, na sumaku ndiyo itakayokwambia ukweli kuliko sisi wote humu. Ukikuta tope laini la kijivu, boksi limezeeka kawaida tu, endelea na haidroliki mpya. Ukikuta chembe za chuma zinazochoma kidole, au vipande vyeusi vya klachi vimelala sakafuni mwa sampo, hela ya haidroliki iweke mfukoni. Kwa CVT chembe za chuma zinamaanisha mkanda na puli zimeanza kulana, na hakuna oili inayoirudisha hiyo.

Kuna watu wanaapa kwamba haidroliki mpya inaua boksi la zamani. Wanaona mfuatano halisi ila wanakosea chanzo. Boksi ambalo klachi zake zimekwisha lilikuwa linashikilia kwa shida kabla ya kumwagwa, na lingekufa hata lisingeguswa. Ndiyo maana nasema sampo kwanza, uamuzi baadaye.

Wakati wa kufunga, bolti za sampo hazitaki ubabe. Toyota ndogo nyingi ni Nm 7 hadi 8, yaani mkono mwepesi na rachi fupi. Ukikaza kama nati za tairi unapinda sampo, inavuja, na mlimani oili ikipungua hata kidogo pampu inavuta hewa pale pua ya gari inapoinuka.

Kupima usawa: kwenye dipstiki, gari liwe limepata moto, sehemu tambarare, injini inanguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia P hadi L ukisimama sekunde chache kila nafasi, rudisha P, chomoa, futa, chomeka, soma upande wa HOT. Ukipima injini imezimwa utasoma uongo. Kuna magari, hasa ya WS, hayana dipstiki. Hayo yana bolti ya kupimia chini, inafunguliwa injini ikiwaka na haidroliki ikiwa kwenye nyuzi 35 hadi 45, oili inaachwa idondoke hadi ibaki ya matone matone. Bila mashine ya kusoma joto, kazi hiyo usiianze.

---

Rejeta_Kizota alijibu:

Wote wameruka kitu kimoja, na kwa Dodoma hakirukwi: maji.

Kwenye magari mengi ya oto, haidroliki inapozwa ndani ya rejeta. Kuna kipozeo kidogo kimelala kwenye tangi la chini au la pembeni la rejeta, haidroliki inapita ndani yake, maji ya injini yanapita nje. Maji yetu huku ni ya visima na yana chumvi. Ukijaza rejeta kwa maji hayo, magaga yanaganda kwenye kipozeo kama yanavyoganda kwenye birika. Rejeta linaweza bado kupoza injini, mshale wa joto ukakaa katikati, huku haidroliki inaungua na hakuna anayejua.

Baya zaidi ni kutu kula ukuta wa kipozeo hadi maji na haidroliki zikutane. Utaona haidroliki imekuwa rangi ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa stroberi, au mafuta yanaelea kwenye rejeta. Hapo gari lisiwashwe tena. Maji yanabandua gundi inayoshika nyuzi za klachi, na likitembezwa kidogo tu boksi zima linakuwa limekwisha.

Kwa hiyo mkuu kabla ya lolote fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Ukiona ukoko mweupe au maji ya rangi ya udongo, sehemu ya jibu lako iko hapo. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, au ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya betri. Maji ya kisima hapana, hata ya chupa ya kunywa hapana. Na mfuniko uwe mzima: kwa mwinuko wetu maji matupu yanachemka karibu nyuzi 96, ni presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia.

---

Frii_Mpaka_Mtera alijibu:

Mbona mnamtisha jamaa? Kushuka mlima weka N, gia boksi linapumzika na mafuta unaokoa. Madereva wa njia ya Iringa wanashuka Nyang'oro hivyo kila siku.

---

Gia_ya_Pili alijibu:

Kaka, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na wala si kwa sababu za usalama peke yake.

Mafuta: injini ya nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiachia pedeli huku gari limo kwenye gia na RPM iko juu ya kama 1,500, kompyuta inakata mafuta kabisa. Nozeli zinafunga, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Hesabu yako imepinduka.

Boksi: pampu ya haidroliki inazungushwa na injini. Kwenye N injini iko chini, RPM 700 hivi, pampu inatoa kidogo, wakati shafti ya kutokea inazunguka kwa spidi ya matairi. Vyuma vinakimbia, oili inatambaa. Ukirudisha D ukiwa na spidi 90, klachi zinashtukizwa. Ukizima injini kabisa ndiyo balaa: pampu imesimama, usukani mzito, na breki inabaki na hewa ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Kwa sababu hiyohiyo ya pampu, oto haivutwi kwa kamba umbali mrefu matairi yanayoendesha yakiwa chini, na haiwashwi kwa kusukumwa.

Halafu Nyang'oro si kilima cha mtaani. Mtera iko karibu mita 700 juu ya bahari, Iringa mjini zaidi ya 1,500. Mita zote hizo za kushuka kwenye N zinabebwa na breki peke yake.

Utaratibu wa oto, basi. Zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kabla ya kuanza mlima, usingoje katikati. Ukiacha O/D ifanye kazi, boksi linapandisha gia ya nne, linashindwa, linarudi ya tatu, linajaribu tena, na kila badiliko ni joto. Mlima mkali weka 2, injini icheze kati ya RPM 2,500 na 3,500. Watu wanaogopa kelele ya injini, lakini injini inayozunguka inazungusha pampu ya maji na ya haidroliki kwa nguvu. Inayolemewa kwenye RPM 1,500 ndiyo inayochemsha boksi. CVT tumia S, L au B, chochote ilicho nacho, na usikanyage ghafla hadi chini. Kushuka ni gia hiyohiyo ambayo ungepandia.

Foleni ya malori ikikusimamisha mlimani, shikilia kwa breki. Usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, dakika mbili zinatosha kupika haidroliki. Likishapata moto, au taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka kwa magari yenye hiyo taa, toka barabarani, weka P, zima AC, acha injini inanguruma dakika tano hadi kumi ili haidroliki izunguke kwenye kipozeo. Ukizima, ile ya ndani ya konveta inabaki humohumo na joto lake. Mshale wa injini nao ukiwa kwenye nyekundu, hiyo ni kesi nyingine.

Kuegesha mlimani: breki ya mguu, N, breki ya mkono, achia mguu gari likae kwenye breki ya mkono, ndipo P. Ukianza na P uzito wote unaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya boksi. Ule mshindo unaousikia ukichomoa P asubuhi ni hicho.

---

Pleti_na_Presha alijibu:

Naingia kwenye Canter, naona imesahaulika.

Klachi kwanza. Umesema klachi pleti ni mpya. Presha pleti inayoibana je? Rilizi beringi inayoiachia? Flaiwili, gurudumu la injini ambalo pleti inalishika, ilipelekwa kuchunwa kwenye mashine? Kama fundi alibadilisha pleti peke yake, alifunga kitu kipya katikati ya viwili vilivyochoka. Flaiwili yenye mabaka ya bluu na nyufa ndogo inashika pleti kwa sehemu tu, na sehemu hiyo inaungua. Springi za presha pleti iliyowahi kupikwa hazina tena nguvu ya kubana. Seti nzima ifungwe kwa pamoja, na boksi likiwa chini, sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya boksi zibadilishwe hata kama hazivuji bado. Tone la oili kwenye pleti linatosha kuifanya iteleze. Pleti ikishafungwa, kilomita 500 za kwanza usiipe mzigo kamili milimani.

Chanzo kingine ni pedeli. Kwa mkono, pedeli iwe na uchezaji kidogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Magari mengi ya klachi ya oili ni milimita 5 hadi 15 juu ya pedeli. Isipocheza kabisa, rilizi beringi inasukuma presha pleti muda wote, klachi haijabana vizuri hata mguu ukiwa mbali. Masta (pampu ya klachi kwenye pedeli) au slevu ya chini (inayosukuma klachi) isiyorudi inafanya hivyohivyo. Oili yake ni ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko.

Kupima kama inateleza: tambarare, breki ya mkono juu, mwenzako akae mbali na mbele ya gari, weka gia ya nne, RPM 1,500, achia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribio hilo mara moja tu, si burudani.

Sauti nazo zinasema. Kelele ikitokea unapokanyaga klachi, ni rilizi beringi. Kelele ikiwepo kwenye frii na mguu juu, ikanyamaza ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye boksi. Kazi mbili tofauti kwa bei, usikubali kuchanganyiwa.

Upande wa dereva, Canter yenye tani tatu na nusu ianzie gia ya kwanza. Kuondoka na ya pili kwa sababu "ya kwanza fupi" ndiko kunakomaliza pleti nyingi, pamoja na kulishikilia lori mlimani kwa nusu klachi. Breki ya mkono ipo kwa kazi hiyo. Klachi ikishanuka, usiibane tena. Ukipata tambarare tembea nayo kwa gia isiyo na mzigo dakika kumi, klachi ikiwa imebana inapozwa na upepo wa kuzunguka kwake.

Gia ya tatu kuchomoka. Ukipanda, injini inasukuma matairi. Ukishuka, matairi yanasukuma injini, kwa hiyo meno yanaegemea upande wa pili. Meno ya kushikia gia yakishalika yanakuwa na mwinamo, na mzigo huo wa kinyume unayatelezesha nje. Ndiyo maana inachomoka mteremkoni na si kwenye mpando.

Usishushe boksi kabla ya kuangalia vya bei rahisi. Maunti za injini na boksi: mtu akanyage na kuachia mafuta gari likiwa kwenye gia na breki, tazama kama boksi linaruka. Kebo za gia na bushi zake: kama haziifikishi gia hadi mwisho, gia inaingia nusu na meno yanakula ncha. Springi na vigololi vya kushikilia fito za gia navyo vinachoka. Ukimaliza hivyo na bado inachomoka, fungua, kagua uma wa gia, silivu, meno, na beringi za shafti kuu kama zina uchezaji wa mbele na nyuma. Na mwambie dereva atoe mkono kwenye mti wa gia. Kuuegemeza mkono pale safari nzima kunausaga uma.

Oili ya boksi la mkono inapimwa kwa tundu la pembeni: sehemu tambarare, fungua bolti ya kujazia, oili iwe inagusa mdomo wa tundu. Kabla ya kumwaga, fungua ya kujazia kwanza. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, umekwama. Oili ikiwa pungufu, kwenye mpando yote inakimbilia nyuma ya boksi na beringi ya mbele inabaki kavu. Fuata kitabu cha gari, lakini mengi yanataka oili ya daraja la GL-4. Hiyo GL-5 wanayomimina kila mahali kwa kuwa ni ya difu, viungo vyake vya salfa vinaweza kula ringi za shaba za sinkronaiza (zinazolinganisha spidi gia iingie kimya), na baada ya muda gia ya pili inaanza kulia ukirudisha kutoka ya tatu. Na kama lori linavuka makorongo wakati wa masika, angalia oili baada ya kila kuvuka maji marefu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji kupitia pumulio, imwagwe siku hiyohiyo.

Mwisho, breki ya eksozi. Haifanyi kazi kama klachi imekanyagwa au gari liko frii, na inavuta vizuri RPM ikiwa juu. Kuiwasha kwenye gia ya tano ni kuijaribu tu. Shusha gia kwanza, kabla ya mteremko.

---

Mkamua_Alizeti alijibu:

Shukrani sana wakuu. Kibati kinasoma K111, kwa hiyo ni CVT. Rejeta lina ukoko mweupe mdomoni, limekuwa likipewa maji ya bomba. Kodi iliyotoka ni P0218 peke yake, silinda hazimisi. Sampo limeshushwa, sumaku zina tope la kijivu, chembe hakuna. Canter nimeambiwa flaiwili haikuchunwa.

Swali la mwisho: nifunge kipozeo cha ziada cha haidroliki? Kuna jamaa anafunga vya mtumba.

---

Rejeta_Kizota alijibu:

Sumaku zikiwa hivyo una bahati. Anza na rejeta: lisafishwe au libadilishwe, uweke kulanti. Kisha haidroliki, TC, mizunguko mitatu kama ulivyoelekezwa, na filta. Halafu upande Kolo na mashine ya kupimia imechomekwa, watu na mizigo ileile. Haidroliki ikibaki chini ya nyuzi 110, kipozeo cha ziada hukihitaji. Ikipita hapo, funga.

Cha mtumba sikushauri. Huwezi kuosha chembe za boksi lililokufa zilizokwama kwenye vijia vyake, na zote zitahamia kwako. Nunua kipya cha bamba, kinachofungwa mbele ya kondensa ya AC, kiwe mbali na feni na kisishikwe kwa waya za plastiki zinazopita katikati ya mapezi. Kifungwe baada ya kipozeo cha awali, kwenye mpira unaorudisha haidroliki kwenye boksi. Kuujua mpira wa kurudi, pima joto la yote miwili gari likishapata moto. Usio na moto sana ndio wenyewe. Kuna mabokisi ambayo kipozeo chake kimefungwa kwenye boksi lenyewe badala ya ndani ya rejeta, kwa hiyo fuata bomba kwa macho kabla ya kukata chochote.

Mpira uwe wa haidroliki, wenye kuhimili joto na presha yake, inchi 5/16 au 3/8 kulingana na bomba. Wa maji au wa petroli utalainika na kuchomoka mlimani, na CVT bila haidroliki inakufa kabla hujapata pa kuegesha. Bomba la chuma likikatwa lazima mdomo wake uvimbishwe kidogo ili klipu ishike. Ukiwasha, kipozeo kitameza karibu nusu lita, kwa hiyo pima usawa upya injini ikinguruma, ongeza TC, kisha kagua viungo vyote kwa karatasi kavu baada ya safari ya kwanza.

Kama itateleza hata haidroliki ikiwa kwenye nyuzi 80, usifunge kipozeo. Hapo valvu bodi ipimwe presha kwanza, na likishindwa hilo ndipo tuzungumze habari za boksi lingine.